Mzee Robinson wa Grambling

Mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 63 na senti 75 kwa mwezi. Kwa fedha hizo, mwaka 1941, chuo kidogo cha watu weusi kaskazini mwa Louisiana kilimwajiri kijana wa miaka 22 aitwaye Eddie Robinson awe kocha wa futiboli ya Kimarekani. Juu ya ukocha alikata majani ya uwanja, akapiga mistari ya chokaa, akawafunga wachezaji bandeji za vifundo, akawatengenezea mikate ya safari, na mechi ikiisha alikaa kuandika habari zake ili magazeti ya jirani yapate cha kuchapa. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake wa kwanza alikuwa mlinzi wa usiku wa chuo. Hakuhama. Alianza kazi Roosevelt akiwa rais wa Marekani na akaimaliza mwaka 1997 wakati wa Clinton. Marais 11 walipita, yeye yuko uwanjani pale pale.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo, Tanga kwanza, kisha Morogoro, na sasa ninaishi Dallas kwa binti yangu. Mchezo huu wa Wamarekani nimeujifunza uzeeni, nikikaa na wajukuu mbele ya televisheni siku za Jumamosi. Nilipoanza kusoma habari za Robinson nilikuta mtu ninayemfahamu vizuri: mwalimu anayebembeleza bohari impe chokaa, anayeshona nyavu kwa mkono wake, anayekwenda hadi nyumbani kwa mzazi kumwombea mtoto ruhusa ya kwenda kwenye mashindano ya shule ya UMISSETA. Makocha wa namna hiyo tunao wengi na hatuandiki habari zao. Huyu wa Louisiana ameandikwa sana kwa Kiingereza, na sijaona aliyemsimulia kwa Kiswahili jinsi anavyostahili.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Mama yake alifanya kazi za ndani. Familia ikahamia Baton Rouge, makao makuu ya jimbo. Eddie akiwa darasa la tatu, kocha wa sekondari ya McKinley, Julius Kraft, alikuja shuleni kwao na timu yake. Mtoto aliwatazama wale vijana wakubwa, wenye nguvu, jinsi walivyomsikiliza kocha wao kwa heshima, na siku ile ile akajua kazi anayoitaka. Alilirudia jambo hilo maisha yake yote.

Baton Rouge ilikuwa na chuo kikuu cha jimbo, LSU, chenye uwanja mkubwa na mashabiki wa kuujaza. Kijana mweusi hakuruhusiwa kusoma pale. Robinson akaenda Leland, chuo cha Wabaptisti kilichokuwa Baker, jirani na Baton Rouge, akacheza chini ya mchungaji Reuben Turner. Huyo mchungaji ndiye aliyemfungua macho kwamba ukocha ni elimu: una vitabu, una michoro, una semina ambako watu wazima hukaa na daftari. Alipohitimu mwaka 1941 alikuwa na shahada mkononi, na mwaka huo huo akamwoa Doris Mott, mchumba wake wa ujanani. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Ndugu mmoja wa mkewe akasikia kwamba huko Grambling wanatafuta kocha.

Grambling ni mji mdogo katika vilima vya misonobari, na chuo chake kina historia ya kujivunia. Mwaka 1901 wakulima weusi wa sehemu hizo walitaka watoto wao wapate shule, wakaomba msaada kwa mwalimu mashuhuri Booker T. Washington kwenye chuo chake kule Tuskegee, naye akawatumia Charles P. Adams aje kuianzisha. Robinson alipofika, chuo kiliitwa Louisiana Negro Normal and Industrial Institute; jina la Grambling lilikuja mwaka 1946. Rais wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, alikuwa pia kocha wa besiboli. Hilo ni jambo la kuzingatia. Mkuu wa chuo anayevaa kofia na kusimama uwanjani na vijana jioni hamnyimi kocha mwenzake mipira, na hamfukuzi akishindwa mara ya kwanza. Msimu wa 1941 Robinson alishinda mechi 3, akapoteza 5.

Msimu uliofuata timu ilicheza mechi 9, ikashinda zote 9, na haikufungwa hata alama moja. Asiyeujua mchezo huu nimweleze kidogo. Kila upande una watu 11, na wenye mpira hupewa nafasi 4 za kuusogeza yadi 10, yaani kama mita 9. Wakifaulu hupewa nafasi 4 nyingine, mpaka wavuke mstari wa mwisho. Alama zinapatikana kwa njia nyingi: mbio, pasi, teke la kupitisha mpira kati ya milingoti. Kumzuia mpinzani asipate chochote katika mechi moja ni sifa. Kuwazuia wapinzani msimu mzima ni jambo ambalo kocha wa leo hawezi hata kulitarajia, na aliyelifanya alikuwa na miaka 23.

Kisha vita ikawachukua vijana. Mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu, na Robinson akafundisha sekondari ya Grambling. Kutoka kipindi hicho kuna kisa ninachokipenda kuliko vikombe vyote. Inasimuliwa kwamba baba mmoja aliwatoa wanawe kwenye timu kwa sababu pamba ilikuwa imekomaa na haina mchumaji. Robinson hakugombana naye. Aliichukua timu nzima ikaingia shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha, ndugu wale wakarudi kucheza, na timu ikachukua ubingwa. Yeyote aliyewahi kufundisha michezo vijijini wakati wa mavuno ataelewa kwa nini ninakitaja kisa hiki kabla ya mengine makubwa. Baba yule hakuwa adui wa mpira. Alikuwa na pamba, na kocha alilielewa hilo kwa sababu alitoka kwenye nyumba ya mkulima.

Vita ilipokwisha alirudi chuoni, na hapo ndipo ukajengeka utaratibu uliomfanya ajulikane. Alfajiri alipita kwenye mabweni akigonga kengele, milango yote, awaamshe wachezaji waende darasani. Jumapili kengele iliwaita kanisani. Safarini walivaa koti na tai. Aliwafundisha namna ya kukaa mezani, namna ya kuzungumza na mwajiri, namna ya kumjibu mwandishi wa habari. Yeye mwenyewe hakuacha kusoma: mwaka 1954 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, mbali kabisa na kwao. Mazoezini alijulikana kwa kurudia mchezo mmoja tena na tena, na akiona mguu umekaa vibaya alishuka mwenyewe akapiga magoti kwenye majani kuonyesha unavyotakiwa kukaa.

Ile mikate ya safari haikuwa ya kubana matumizi tu. Katika majimbo ya Kusini ya wakati huo, basi la vijana weusi halikuweza kusimama mahali popote likapata chakula, choo au kitanda. Timu ilibeba chakula chake, ikapanga safari kwa kufuata miji yenye chuo cha weusi ambako wangeweza kulala. Kocha alipaswa kufikiria mpinzani wa Jumamosi, na pia kituo gani cha mafuta kingewaruhusu vijana wake kushuka bila matusi.

Mwaka 1949 mlango wa kwanza ulifunguka. Paul Younger, mkimbiaji mzito aliyeitwa Tank kama kifaru cha vita, alisajiliwa na Los Angeles Rams. Ndiye mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kucheza katika ligi ya NFL. Hakuna timu iliyokuwa imemchagua katika mgawo rasmi wa wachezaji. Rams walimsajili tu aje ajaribiwe. Kabla hajaondoka Robinson alimweleza wazi mzigo aliokuwa akiubeba: kwamba akishindwa, hakuna ajuaye lini kijana mwingine wa vyuo vyao ataitwa tena. Younger alidumu miaka 10 katika ligi hiyo. Baada yake walifuata wengi, zaidi ya 200 waliofika kwenye timu za kulipwa katika maisha yote ya Robinson. Willie Davis, Buck Buchanan, Willie Brown na Charlie Joiner wote wameingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Buchanan alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika mgawo wa ligi ya AFL, iliyoshindana na NFL wakati huo, mwaka 1963.

Sifa hizi hazikujitangaza zenyewe. Mwaka 1948 chuo kilimwajiri Collie Nicholson kuwa ofisa habari wa michezo. Kila juma alipiga taipu taarifa za Grambling na kuzituma kwa magazeti ya watu weusi nchi nzima, yale ambayo mpishi wa Chicago na mbeba mizigo wa New York waliyasoma. Alifahamu kwamba watu waliohama Kusini wanataka kusikia habari njema za kwao. Mwaka 1968 Grambling ilicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Ikafungwa 9 kwa 7. Mwaka 1974 ikaanzishwa Bayou Classic, mechi ya kila mwaka kule New Orleans dhidi ya wapinzani wa jadi, chuo cha Southern. Septemba 1976 wakaenda hadi Tokyo, wakaifunga Morgan State 42 kwa 16 mbele ya Wajapani. Chuo cha kijiji cha misonobari kilikuwa kimefika mahali ambapo LSU yenyewe haikuwahi kupeleka timu.

Lakini kazi ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote ni ya kumtengeneza kotabeki.

Kotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila mchezo. Anawasoma wapinzani walivyojipanga, anabadili mpango kwa sauti, kisha ana sekunde chache za kuamua ampe nani. Timu ni yake. Kwa miaka mingi wenye timu za kulipwa walisema, wengine kwa siri na wengine hadharani, kwamba mtu mweusi hana akili ya kuishika nafasi hiyo. Kijana mweusi aliyekuwa kotabeki hodari chuoni akifika huko aligeuzwa mkimbiaji, mdakaji wa pasi au mlinzi wa nyuma. Inasimuliwa kwamba mtangazaji Howard Cosell ndiye aliyemwambia Robinson usoni kwamba ametoa wachezaji wa kila aina isipokuwa kotabeki. Maneno hayo yalimchoma.

Akamchukua James Harris, kijana mrefu wa Monroe, jirani na Grambling. Tangu mwanzo alimweleza kwamba anamwandaa kuwa kotabeki wa timu ya kulipwa, na akamwonya kwamba watamwomba abadilishe nafasi na asikubali. Alimfundisha kupasi kama wanavyopasi wataalamu, akamfundisha pia kusimama mbele ya kamera na kujibu kwa utulivu, kwa sababu alijua kila kosa lake litahesabiwa mara mbili. Mwaka 1969 Buffalo Bills walimchagua, lakini katika mzunguko wa 8, jina ambalo kwa kipaji lingetajwa mapema zaidi. Alianza mechi ya kwanza ya msimu akiwa kotabeki, jambo ambalo mtu mweusi hakuwa amelifanya katika ligi ya AFL. Desemba 1974, akiwa Rams, akawa kotabeki mweusi wa kwanza kuanza na kushinda mechi ya mtoano.

Baada ya Harris akaja Doug Williams, mtoto wa Zachary, karibu na Baton Rouge. Mwaka 1977 alishika nafasi ya 4 katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Tampa Bay walimtuma kocha wao Joe Gibbs kwenda kumwangalia, na Gibbs akamkuta Williams akiwa katika mazoezi ya ualimu, anafundisha watoto darasani. Aliporudi aliwaambia wamchague, na mwaka 1978 wakamchagua wa 17 katika mzunguko wa kwanza. Miaka baadaye Gibbs alikuwa kocha mkuu wa Washington, na Williams akamfuata huko.

Tarehe 31 Januari 1988, San Diego, fainali ya Super Bowl. Washington wako nyuma 10 kwa 0 dhidi ya Denver. Williams ameteleza na kuumia goti katika robo ya kwanza. Robo ya pili akarudi uwanjani, na katika robo hiyo moja alipiga pasi 4 zilizomalizikia mstari wa mwisho. Timu yake ikapata alama 35. Wakashinda 42 kwa 10, naye akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Robinson, aliyekuwa na karibu miaka 69, alikuwepo uwanjani siku hiyo. Kwa simulizi ya Williams mwenyewe, mzee alimkumbatia akamwambia kwamba siku hii ni kama usiku ule Joe Louis alipomwangusha Max Schmeling. Pambano hilo la bondia mweusi dhidi ya Mjerumani lilipigwa mwaka 1938, Robinson akiwa kijana mbichi na watu weusi wa Marekani wote wakiwa masikio kwenye redio. Kocha alitafuta katika maisha yake yote kitu cha kulinganisha na siku hiyo, akakipata hicho kimoja.

Sasa hesabu. Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View 27 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson, mmoja zaidi ya Bear Bryant, kocha wa Alabama aliyeabudiwa Kusini. Wapo waliosema kwamba ushindi wake haulingani kwa sababu alicheza na vyuo vidogo. Robinson hakuwahi kumdharau Bryant. Alijibu kwa kueleza maisha yake: kwamba tangu utoto aliambiwa shule gani asome, na alipokuwa kocha aliambiwa nani amsajili, nani acheze naye, na wapi, naye akafanya kilichowezekana ndani ya mipaka hiyo. Jibu hilo linatosha. Bryant aliruhusiwa kuchagua wapinzani. Kwa miaka mingi Robinson hakupewa nafasi ya kuwakabili hao wanaodaiwa kuwa wakubwa, wakati ambapo vijana wake walikuwa wakiwapiku wahitimu wa vyuo hivyo katika timu za kulipwa.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Kuanzia miaka ya 1970 vyuo vikubwa vya wazungu vya Kusini vilianza kusajili vijana weusi kwa bidii. Watu hutaja usiku mmoja wa Septemba 1970, Birmingham, ambapo Sam Cunningham wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, mkimbiaji mweusi, aliiponda Alabama na timu yake ikashinda 42 kwa 21. Mabadiliko yalikuwa yameanza kabla ya hapo, lakini baada yake yalikwenda kasi. Kijana wa Monroe ambaye zamani angekwenda Grambling sasa alipigiwa simu na LSU, yenye uwanja, daktari, ndege na televisheni. Miaka ya mwisho ya Robinson ilikuwa ya kushindwa: 1996 alishinda mechi 3 tu na kupoteza 8, na 1997 vivyo hivyo. Kulikuwa na shinikizo astaafu mwishoni mwa 1996. Wananchi wakapiga kelele, hata gavana akaingilia, akapewa msimu mmoja wa kuaga. Mechi yake ya mwisho, Bayou Classic ya tarehe 29 Novemba 1997, alifungwa 30 kwa 7. Aliyerithi kiti chake ni Doug Williams.

Nimewasikia watu wakisimulia habari hizi kana kwamba ubaguzi ulikuwa na faida yake, kwa kuwa ulimpa Robinson wachezaji wote bora. Napingana nao kabisa. Hakuna hata mmoja wa vijana wale aliyeshukuru kulala kwenye basi. Na Robinson mwenyewe alifanya kazi miaka yote hiyo ili milango ifunguke, akijua kwamba ikifunguka vijana watatoka kupitia hapo hapo na kumwacha. Alihubiri upendo wa nchi ile ambayo ilimnyima mengi. Wenzake wengine waliona ni mpole mno, na katika miaka ya 1960 vijana wenye hasira walikuwa na sababu ya kumwona hivyo. Mimi naamini upole wake ulikuwa na shabaha. Alichokusudia ni kwamba yule mwenye timu, siku atakapolazimika kumpa kijana mweusi nafasi, asipate kisingizio chochote, si cha pasi, si cha darasani, si cha tai shingoni.

Alimaliza na ushindi 408, vipigo 165 na sare 15, mataji 17 ya ligi yake ya SWAC, na ubingwa wa kitaifa wa vyuo vya weusi mara 9. Mwaka 2003 John Gagliardi wa Minnesota alimpita kwa idadi ya ushindi. Wengine watampita.

Alifariki tarehe 3 Aprili 2007, mjini Ruston, akiwa na miaka 88, baada ya kuugua ugonjwa wa kusahau. Mwili wake uliwekwa katika jengo la bunge la jimbo, Baton Rouge, watu wapite kumuaga. Doris alikuwa mke wake tangu 1941 hadi siku hiyo. Tangu mwaka 2010 kuna jumba la makumbusho yake ndani ya chuo cha Grambling. Msomaji uliye Dallas, ukichukua barabara ya I-20 kwenda mashariki ukapita Shreveport, utaona kibao kabla hujafika Ruston. Toka barabarani, ingia na watoto.